Nani Ataniamsha?

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wastaafu na familia zao)

Mbukwenyi! Asanteni. Mlionisikia huko nyuma mtanivumilia, maana leo narudia jambo lile lile, hofu ya kipimo. Nitalirudia mpaka nione watu wameacha kugeukia mlangoni.

Nimefanya uuguzi miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa kwenye chumba cha kipimo mnachokiita kumeza mpira, ambacho wataalamu wanakiita endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni kuangalia tumbo kwa ndani. Sina haja ya kueleza zaidi. Wengi humu mmeshapimwa au mmemsindikiza mtu. Ninachotaka ni ule usiku wa kuamkia kipimo, na ile asubuhi kwenye benchi.

Alikuja babu mmoja kutoka upande wa Kongwa. Mrefu, shuka begani, fimbo mkononi. Tumbo lilikuwa linamkata na choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na choo cha namna hiyo si cha kusubiri, maana mara nyingi ni damu inayovuja tumboni. Mara ya kwanza alifika mlangoni, akakiona kitanda, akasema amesahau kitu kwa mwanawe anayekaa Nkuhungu, hapa mjini. Hakurudi. Mara ya pili alikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Jina lake lilipoitwa akasimama vizuri tu, akajifunga shuka, akatembea mpaka nje ya geti. Mara ya tatu aliletwa na kijana wake, naye kijana amechoka, ananiambia, "Nesi, mzee huyu anatusumbua, mshikeni tu mmpime." Nikamwomba kijana akae nje kidogo.

Nikakaa na babu pale kwenye benchi. Sikumwambia "usiogope." Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hili ndilo linaloniumiza. Ukimwambia mtu mzima "usiogope" umemfunga mdomo. Hofu yake haijaenda popote, ila sasa anaona aibu kuitaja. Nikamuuliza, "Babu, ni kitu gani hasa?" Akanyamaza kitambo, anaizungusha fimbo kati ya viganja vyake. Halafu akanisimulia habari za mdogo wake, ambaye miaka mingi nyuma aliingizwa kwenye upasuaji, akapewa nusu kaputi, akatolewa amefunikwa shuka. Akaniangalia usoni. "Mkishanilaza, nani ataniamsha?"

Jamani! Amekuja mara tatu, na mara zote sisi tulikuwa tunamweleza kwamba mpira hauumi. Mimi pia nilimweleza hivyo. Kumbe mpira haukuwa shida yake hata kidogo.

Na tuliangalie hili neno nusu kaputi. Hiyo kaputi tumeachiwa na Wajerumani. Kwao ni kitu kilichoharibika, kilichokufa. Kwa hiyo mgonjwa anaambiwa atafanywa nusu mfu, halafu tunashangaa anapotafuta geti. Nusu kaputi ni ya upasuaji mkubwa. Kwenye kipimo hiki mara nyingi tunatumia dawa ya kutuliza, na mojawapo inayotumika sana inaitwa midazolamu. Inaingia kwenye mshipa wa mkono, na ndani ya dakika chache mwili unalegea, macho yanakuwa mazito, lakini unaendelea kupumua mwenyewe na ukiitwa unaitika. Ina tabia ya kufuta kumbukumbu, ndiyo maana wengi wakitoka wanaapa kwamba walilala fofofo, ilhali wakati wa kipimo walikuwa wanatuitikia. Wengine hawapewi hata hiyo, wanapuliziwa dawa ya ganzi kooni tu, na kazi inakwisha.

Basi nikamjibu babu swali lake. Nikamwonyesha kile kibanio cha kidoleni, nikakivaa mimi kwanza, nikamwambia hiki kinasoma mapigo ya moyo wako na hewa ya oksijeni iliyomo kwenye damu, ikishuka kinalia na chumba kizima kinasikia. Nikamwambia dawa hii inakwisha nguvu yenyewe, na ikibidi ipo nyingine ya kuikata, inaitwa flumazenili. Hilo ni swali ambalo kila mmoja wenu ana haki ya kuliuliza kabla ya kulala: mnayo leo? Nikamwambia mimi nitasimama upande wa kichwa chake, na nitakayemwita ni yeye, kwa jina lake. Akauliza fimbo itakaa wapi. Nikasema itakaa pembeni ya mkono wake wa kulia, na akiamka ataikuta pale pale.

Akapanda kitandani mwenyewe. Kipimo kilichukua kama dakika 10. Nilipomwita mara ya pili, kabla hata hajafumbua macho, mkono wa kulia ukaanza kupapasa shuka. Ukaipata fimbo. Ukaishika.

Walikuta kidonda, na bakteria wake. Akapewa dawa za siku 14. Ni bakteria yule yule ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kutuonyesha kwamba ndiye anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. Kidonda cha dawa za siku 14, na babu alizunguka nacho miezi kadhaa kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza.

Najua kuna anayesema moyoni, "Ukimweleza mgonjwa kila kitu si utamzidishia hofu?" Ninalisikia hili hata kwa wenzangu wa kazini, na silikubali. Mgonjwa hafiki kwako akiwa mtupu. Jirani ameshamweleza, shemeji ameshamweleza. Akisikia mpira anawaza ule wa kumwagilia zabibu! Mimi nimewauliza wagonjwa wanionyeshe kwa vidole wanavyoufikiria, na wengine wananionyesha kitu kinene kama mchi. Sasa pima mwenyewe. Mpira wenyewe una unene wa milimita 9 au 10 hivi. Tonge la ugali unalolimeza kila mchana ni nene kuliko huo. Halafu unapita njia ya chakula. Njia ya hewa ni nyingine, haiguswi, kwa hiyo pumzi haikatiki. Koo litakataa kidogo, utataka kutapika, macho yatatoka machozi. Hilo nalisema wazi, maana ukimwambia mtu hatasikia chochote kisha akasikia, amekosa imani na wewe akiwa katikati ya kipimo.

Na Basil Hirschowitz, mmoja wa waliouvumbua mpira huu unaopindika, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 1957 kule Marekani aliumeza yeye mwenyewe kwanza, ndipo akampima mgonjwa. Huwa nawaambia vijana wanaojifunza kazi: yule alitaka kujua anachomwomba mwenzake akifanye.

Mwingine atasema, "Mimi ni mwanamume, siwezi kukaa kumweleza nesi kwamba naogopa." Baba, nesi anakuona. Mapigo ya moyo wako yako pale kwenye mashine. Sema tu. Usisubiri uulizwe, maana siku nyingine foleni ni ndefu na hakuna atakayekuuliza. Sema kabla hujapanda kitandani, na usiseme naogopa tu. Taja kile kitu chenyewe. Naogopa kukosa pumzi. Naogopa kuropoka siri zangu. Naogopa watakachokiona huko ndani. Kila moja ina jibu lake, na ile ya mwisho inahitaji daktari akae na wewe, siyo mimi.

Kuhusu maombi, ombeni. Nami huomba. Ila nimeona watu wakiahirisha kipimo kwa jina la maombi huku chakula hakipiti kooni na uzito unapungua kila mwezi, na wengine wanameza omeprazo, zile dawa za kupunguza asidi tumboni, kutoka duka la dawa mwaka wa tatu bila kupimwa. Mtu wa namna hiyo mleteni.

Muda naona unakwenda. Niwahi mengine.

Kula. Ukiambiwa usile, na uji ni chakula. Mama mmoja aliniapia kwamba hajala kitu, kumbe amekunywa uji wa ulezi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kwake uji ni kinywaji. Tumbo likiwa limejaa, ukatapika huku umelegezwa na dawa, uchafu unaweza kuingia kwenye mapafu. Vyakula ni saa 6 hadi 8 kabla. Kuhusu maji matupu, fuata ulivyoelekezwa na waliokupangia kipimo. Ukisahau ukala, sema. Utapangiwa siku nyingine, hakuna atakayekula nyama yako.

Pumzi. Lala ubavu wa kushoto, acha mate yatiririke, usiyameze. Vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kama unapoza chai ya moto. Kule kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Fanyeni nyumbani usiku ule badala ya kukodolea dari. Ukibeua, beua, ni hewa tuliyoijaza sisi.

Meno ya bandia yanatolewa. Kama umesindikizwa na mkwe na hutaki akuone bila meno, mnong'oneze nesi, tutamtoa mkwe nje.

Baada ya dawa ya kutuliza huendeshi gari wala bodaboda kwa saa 24, husaini hati ya kiwanja, na huondoki peke yako hata kama nyumbani ni hapo Majengo. Uje na mtu. Si yule wa kusema "mshikeni." Uje na anayejua kunyamaza.

Kipimo cha utumbo mpana, kile cha kupitia nyuma, nilitaka kukipa nusu saa na sijakigusa. Niseme hivi tu, dawa ya kuharisha ya siku iliyotangulia wengi wanaiona ngumu kuliko kipimo chenyewe, kaa karibu na choo na unywe yote. Aibu ya kipimo kile tutaizungumza tukikutana tena, maana ina mambo yake.

Yule mama wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja meno. Karibu, mama, simama tukusikie.