Nafuu ya Kodi kwa Hoteli Iliyofungwa

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salim, nipo hapa Mombasa pamoja na Bi Mwanaisha. Leo tunarudi mwaka 2020 kuangalia serikali ya Kenya iliisaidiaje sekta ya utalii na hoteli wakati wa vizuizi vya korona, na msaada huo ulimfikia nani.

MWANAISHA: Ahsante, kaka Salim. Kabla ya kugusa fedha tukumbushane kalenda, maana hapa pwani kalenda ndiyo hesabu yenyewe. Hoteli zetu huvuna wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, na akiba hiyo ndiyo huzivusha miezi ya masika na kusi, ambapo wageni ni haba, vibarua wamepumzishwa na mafundi wako juu ya paa wakiezeka makuti mapya. Safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25, kafyu ikaanza Machi 27, na Aprili 8 ikapigwa marufuku kuingia au kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwa hiyo hoteli ziliingia katika miezi ya ukata kama kila mwaka, ila safari hii hakuna aliyejua kaskazi ijayo ingemleta nani.

SALIM: Serikali ilianza na kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili mosi, kodi ya mapato ya kampuni ikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mshahara yote.

MWANAISHA: Siibezi hatua hiyo, kwa sababu mwenye duka la vyakula au kiwanda cha sabuni aliendelea kuuza, na bila shaka aliihisi nafuu. Lakini chumba kisicholaliwa hakitozwi kodi, na robo ya faida ambayo haipo ni sawa na theluthi yake. Nafuu ya kodi humfaa aliye na mapato, na hoteli ndiyo biashara iliyoamriwa, kwa njia moja au nyingine, isiwe nayo.

SALIM: Binamu yangu alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Diani. Mshahara wake haukufika 24,000, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria alikuwa miongoni mwa walionufaika. Tatizo ni kwamba alikuwa amepewa likizo bila malipo tangu mwisho wa Machi.

MWANAISHA: Ndipo tunafika Mei 23, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza mpango wa kuchangamsha uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Utalii ulitengewa bilioni 2 za mikopo nafuu kupitia shirika la serikali la fedha za utalii, ili wenye hoteli wakarabati majengo na kupanga upya shughuli zao.

SALIM: Wengi walicheka, wakauliza ni nani apake rangi chumba kisicho na mgeni. Mimi sikucheka, dada. Hoteli ya ufuoni ikifungwa miezi mitano huoza: chumvi ya bahari hula bawaba za milango, mashine za kupoza hewa hushika kutu, na bwawa la kuogelea hugeuka kijani na kuwa makao ya vyura. Asiyekarabati hawezi kufungua.

MWANAISHA: Hilo nalikubali. Ninalolikataa ni kumwita aliyekopeshwa kuwa amesaidiwa, hasa anapotakiwa kuongeza deni jipya juu ya deni la benki. Zaidi ya hayo, mkopo humwendea mwenye jengo na vitabu vya hesabu; nahodha wa mashua yenye sakafu ya kioo na muuza vinyago wa ufukweni wangeweka rehani nini?

Sasa linganisha na fungu jingine la mpango huohuo. Bilioni 1 ilitengwa kuajiri walinzi 5,500 wa wanyamapori kutoka katika jamii, na bilioni 1 nyingine kusaidia hifadhi 160 za jamii, ambazo kwa sehemu kubwa zilitegemea ada za wageni wa kambi kulipa walinzi wake. Hapo serikali iliuliza swali sahihi: mgeni asipokuja, ni mshahara wa nani unaokatika? Swali hilohilo lingeulizwa kuhusu wahudumu, wapishi na wasafisha vyumba, jibu lingekuwa ruzuku ya mishahara.

SALIM: Ndege za kimataifa zilirudi Agosti mosi, lakini watalii waliokuja mwaka huo mzima hawakufika laki 6, ilhali mwaka 2019 walipita milioni 2. Hata hivyo, Januari mosi, 2021, kodi ya ongezeko la thamani na ile ya mapato ya kampuni zilirudishwa pale zilipokuwa.

MWANAISHA: Kisha Machi 26, siku chache kabla ya Pasaka, Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa, na wageni wa ndani waliokuwa wamelipia vyumba vya pwani wakaanza kudai fedha zao.

SALIM: Binamu yangu alikuwa ameitwa kazini Desemba. Alirudishwa nyumbani wiki hiyohiyo, na safari hii hakungoja kuitwa tena; alinunua pikipiki.