Mbalamwezi Ijayo

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule kwenye mitumbwi, sogeeni, sitafuni mtu.

Nimeombwa nizungumzie ulevi hapa Kibirizi, na naona baadhi yenu mmeshajiandaa kusemwa. Leo nataka tuuzungumzie mwezi.

Mnajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukijaa taa haifui dafu, mitumbwi inapandishwa. Kijana ana hela ya giza lote mfukoni, usiku hana kazi, na usingizi wake ulishazoea mchana. Wavuvi ninaowahudumia, nikimuuliza mmoja alirudia pombe lini, hunitajia tarehe. Nikimuuliza mwezi ulikuwaje siku hiyo, anacheka.

Mmoja aliacha gongo miezi mitano. Mbalamwezi ikamkuta, akaenda kwa muuza gongo kudai hela yake ya dagaa. Kudai deni tu! Alinywa kikombe kimoja, akajiambia, "Nimeshaharibu," akanywa siku nne. Kikombe kile kilikuwa kosa dogo. Neno lile ndilo lililomlaza mtaroni. Kwa hiyo, mama zangu, akirudi ananuka, msimpokee na "si ulisema umeacha?" Hilo ameshajiambia mwenyewe njia nzima.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani aliwafundisha watu kuitazama hamu kama wimbi: inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Angezaliwa Kibirizi asingepata shida kulieleza. Wimbi kubwa likija unalielekezea omo ya mtumbwi, unashikilia kasia. Hakuna anayelipigia kelele likome.

Wapo pia askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini kule Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi nyumbani mwaka 1971, akakuta wengi hawakurudia uraibu. Walikuwa wameiacha Vietnam nyuma yao. Mvuvi wetu ataliacha wapi ziwa? Ndiyo maana kumwambia "jikaze" peke yake ni kumwonea.

Hili naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Mtu anayekunywa kila siku tangu alfajiri asikatishe ghafla akiwa peke yake chumbani. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyopo, hata kufa. Watu husema amerogwa. Mpelekeni hospitali, na mseme wazi kwamba ni pombe, msione haya. Dawa za kumvusha zipo.

Yule wa deni? Siku hizi mitumbwi ikipandishwa, hela inashikwa na dada yake, na usiku anashona nyavu kwa mjomba wake, redio ikiimba mpaka usingizi umchukue. Deni hutumwa mtoto kulidai.

Sasa ninyi vijana: mbalamwezi ijayo, hela zenu atashika nani? Anzeni kunijibu, kuanzia huyu wa kofia nyekundu.