Taa Moja, Majina Mawili

YAYA: Jambo wasikilizaji, tunawasalimu kutoka Lubumbashi. Mdogo wangu amerudi kutoka Japani, kwenye ile safari ya amani ya wananchi. Utangulizi tuuache. Tuanze na yule bibi.

MDOGO: Ee, Yaya. Tulikuwa watu wa kawaida tu, walimu, wauguzi, watu wa parokia. Pale Hiroshima tukakutanishwa na bibi aliyenusurika bomu la atomiki. Wenyewe wanawaita hibakusha. Kila mmoja akawa anataja anakotoka. Zamu yangu ilipofika, sauti ikakwama.

YAYA: Shinkolobwe.

MDOGO: Hapo hapo.

YAYA: Ngoja niwaeleze vijana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile la Agosti 6, 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, hapa kwetu, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo. Jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942. Wazee wetu waliyachambua kwa mikono. Nani aliwaambia ni ya nini? Inaniuma mpaka leo.

MDOGO: Basi nikasema yote, na kwamba babu yangu alichimba pale. Mkalimani akatafsiri. Nilijua atanigeuzia uso. Akanishika mkono, akauliza, "Na nyinyi, mliugua?" Nikamwambia babu alikohoa mpaka akafa, na hakuna aliyetueleza sababu. Bibi akalia. Yaya, aliungua mgongo akiwa na miaka 6, halafu anamlilia babu yangu!

YAYA: Mungu wangu.

MDOGO: Kesho yake akanialika kwake. Wanapika okonomiyaki, kabichi tele na tambi, inakaangwa juu ya bamba la chuma. Nikamkatia kabichi nyembamba kama lengalenga, mchicha wa kwetu. Akaninyang'anya kisu, akakata nyembamba zaidi! Kisha akanifundisha kukunja korongo wa karatasi. Wangu shingo ililala. Akainyoosha kwa ukucha, polepole.

YAYA: Na mtoni?

MDOGO: Jioni ya tarehe 6 watu huelesha taa za karatasi kwenye mto Motoyasu. Akaandika jina la mdogo wake aliyekufa siku ile. Akanipa kalamu. Nikauliza, niandike nini? Mjukuu wake akasema, "Jina la babu yako." Taa ile ile, Yaya. Tukaisukuma pamoja.

YAYA: Mimi nilikuwa nasema, siku chache zinatosha urafiki gani? Nimeyafuta maneno yangu.

MDOGO: Kila Jumapili mjukuu ananipigia kwa video, bibi anasogeza sikio badala ya uso. Juzi kauliza kama mvua imeanza huku.

YAYA: Ukamjibu nini?

MDOGO: Bado, lakini mijakaranda imeshachanua. Nikatoka na simu mpaka barabarani, nikamwonyesha.