Baada ya matanga, tusomeshe mtafiti mmoja wa tabianchi

Hamjambo watu wa Kisumu, asanteni sana kwa kuja, najua kuna waliotoka Ahero na hata Budalangi asubuhi mapema. Nimeombwa niongee kuhusu ufadhili wa kumbukumbu, ule mfuko familia na marafiki wanaanzisha kwa jina la marehemu ili mwanafunzi wa masta au PhD asome sayansi ya tabianchi.

Mnakumbuka mwezi wa tano 2020, Ziwa Victoria lilipanda mpaka likavuka kidogo rekodi ya 1964, Dunga maji yakaingia mahotelini, Nyando watu wakahama makwao. Sasa tulijuaje kwamba ni rekodi? Ni kwa sababu upande wa Uganda kimo cha ziwa kimeandikwa tangu 1896, mtu anaenda anasoma kipimo anaandika kwa daftari, akistaafu anakuja mwingine, na bila hizo daftari tungekuwa tunabishana tu wazee wa beach gani wanakumbuka vizuri. Halafu karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria si ya mito, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na huko katikati vituo vya kupima mvua ni vichache mno! Lazima mtu aende. Nani ataenda?

Ataenda mwanafunzi, lakini wafadhili wengi wanalipa karo peke yake, wanafikiri wamemaliza. Petroli ya boti nani analipa? Rent ya Maseno je, bando za kudownload data ya setilaiti je? Kijana mzuri kabisa anafika mwaka wa pili anaacha tasnifu anaenda kutafuta kibarua, kwa sababu nyumbani kuna wadogo zake wanangoja, na hiyo inaniuma sana kwa kweli.

IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, walipopata Nobel 2007 pamoja na Al Gore, pesa yao ya zawadi waliianzishia skolashipu ya wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Sisi Nobel hatuna ila kuchanga tunajua, mtu akifa leo kesho kuna grupu ya WhatsApp, kuna mwekahazina, hema na ng'ombe vinapatikana kabla ya Ijumaa. Tuzike watu wetu kwa heshima, sipingi hata kidogo. Naomba tu ile grupu isivunjwe baada ya matanga, mwekahazina aendelee kupokea hata mia mia kila mwezi.

Na wakianza, waanze na mwanafunzi mmoja, huyo alipwe karo, chakula na safari za ziwani mpaka amalize, halafu sharti liwe moja, kila alichopima akilete baraza la chifu kule alikopimia, akieleze kwa Kiswahili au Kijaluo, na nakala ya data ibaki hapo.

Haya, maswali, tuanze na mama pale nyuma.