William Coaker, mtu aliyewafundisha wavuvi kuuliza bei

Haya jamani, salamu kwenu nyote huko nyumbani, kuanzia Mafia mpaka Ukerewe. Leo nawaletea mwanasiasa wa Newfoundland, kisiwa cha mashariki kabisa mwa Canada. Enzi zake hakikuwa Canada. Kilijitawala chini ya Uingereza, kikaja kujiunga mwaka 1949.

Tuanze na samaki, maana siasa yote ya Coaker imo humo. Chewa wa huku ni wa maji baridi, msimchanganye na yule wa kwenye miamba. Enzi hizo alikuwa anakatwa kichwa, anapasuliwa, uti unatolewa sehemu kubwa, analazwa kwenye chumvi, kisha anaoshwa na kuanikwa kwenye chanja za miti. Mnaojua kayabo wa sangara mshanielewa. Chumvi ikipungua, anaota utelezi. Jua likiwa kali, nyama inaiva pale pale chanjani. Mvua ikitisha, wanawake na watoto wanakimbia kumkusanya na kumrundika, ngozi juu. Kazi ya miezi, na wiki moja mbovu inaiharibu.

Enzi hizo, vuli ikifika, mzigo ulikuwa unapelekwa kwa tajiri. Huyo ndiye aliyemkopesha mvuvi unga, chumvi na nyuzi za nyavu tangu machipuko, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Sasa anapanga na bei ya samaki. Anayetazama daraja la ubora wa samaki ni mtu wake. Mara nyingine hata daraja hakuna: mzigo mzima, mzuri na mbaya, unachukuliwa kwa bei moja kwa kila kintali, yaani pauni 112, kama kilo 51. Aliyeanika kwa uangalifu analipwa sawa na mzembe. Deni linakatwa, na wengi hawaioni hata noti moja.

Coaker alizaliwa St. John's mwaka 1871. Ujanani alisimamia duka la mfanyabiashara huko upande wa Herring Neck, kwa hiyo daftari la madeni alilijua kwa ndani. Hilo kwangu ndilo lililompa nguvu kuliko hotuba zake. Novemba 1908, hapo hapo Herring Neck, alianzisha chama cha wavuvi akiwa na watu 19. Miaka michache baadaye wanachama walikuwa karibu 20,000. Wakafungua maduka yao, vitu vikiagizwa kwa jumla na kuuzwa kwa taslimu, wakawa na gazeti lao pia. Askofu mkuu Mkatoliki alikikataa chama kwa sababu ya kiapo chake, ndiyo maana nguvu yake ilibaki zaidi kaskazini, kwa Waprotestanti.

Mwaka 1912, mjini Bonavista, wakaandika madai yao: samaki wapangwe madaraja chini ya usimamizi wa serikali, pensheni ya wazee, shule. Uchaguzi wa 1913 chama kilishinda viti 8 kati ya 9 kilivyogombea.

Machi 1914 Coaker alikwenda mwenyewe na meli ya wawindaji wa sili, wale wanyama wa baharini wa nchi za baridi, kuangalia wanavyoishi. Msimu huo huo wanaume wa meli nyingine, iliyoitwa Newfoundland kama kisiwa, waliachwa kwenye barafu, katikati ya dhoruba, usiku mbili. Walikufa 78. Kila nahodha alidhani wamo kwenye meli ya mwenzake, na redio ya meli yao ilikuwa imeondolewa na wenye meli kwa kuwa waliona haiwaingizii faida.

Baadaye mambo yakamgeuka. Mwaka 1918 aliunga mkono sheria ya kulazimisha vijana kwenda vitani Ulaya, na wavuvi wengi hawakumsamehe. Akiwa waziri wa uvuvi, mwaka 1920 alitunga kanuni: hakuna kusafirisha samaki bila kibali, wala kuuza Italia, Hispania au Ureno chini ya bei iliyowekwa. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Lakini wauzaji walikuwa wale wale matajiri. Bei ya dunia ilipoporomoka, kila mmoja aliogopa kubaki na ghala limejaa wakati jirani ameshauza kwa siri. Wanunuzi wa Italia nao walikaa wakiwasubiri wavunjane. Mwaka 1921 kanuni zikafutwa.

Alifia Boston mwaka 1938, akaja kuzikwa Port Union, mji ambao chama chake kiliujenga chenyewe, na ghala zake na umeme wake.