Maji ya Zigi na Deni la Miaka Kumi

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, njooni mkae, viti vipo.

Niliombwa nizungumzie fedha za tabianchi, yaani fedha za kuzisaidia nchi maskini kukabili mabadiliko ya tabianchi. Mniwie radhi, nitaanzia bombani. Maji mliyooga asubuhi hapa Tanga yametoka Usambara Mashariki, yakateremka na Mto Zigi hadi Bwawa la Mabayani. Kule juu mashamba yakilimwa mpaka ukingoni, mvua kubwa ikishuka inashuka na udongo. Bwawa linajaa tope, na mtambo wa kusafisha unahangaika. Hiyo ndiyo tabianchi ya Tanga. Barafu waachieni wenyewe.

Sasa fedha. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, zilitimia 2022. Kwenye mkutano kama huo kule Baku mwaka 2024 wakapandisha hadi bilioni 300, ila ifikapo 2035. Na msidhani ni sadaka: sehemu kubwa ya fedha za umma zinazohesabiwa humo ni mikopo.

Mkopo wa dola nao una mdudu wake. Tuseme mamlaka ya maji imekopa dola milioni 20 mwaka 2022, dola ikiwa karibu shilingi 2,300. Deni ni shilingi bilioni 46. Katikati ya 2024 dola ilipita 2,600. Deni lile lile, hujaongezewa hata senti, likawa bilioni 52. Bomba halijaongezeka hata moja! Na mteja wa Ngamiani analipa bili kwa shilingi, dola ataitoa wapi?

Ndiyo maana mwaka 2024 nilifurahi Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilipouza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Ilinunuliwa ikapita lengo kidogo, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kazi yake ni kuongeza maji kutoka mita za ujazo 45,000 kwa siku hadi 60,000. Watu hututania sisi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Hili deni limekuja, na haliondoki mpaka 2034. (Kicheko.)

Mzee hapa mbele ananiuliza, asilimia 13.5 si nyingi? Nyingi, mzee wangu. Riba peke yake ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka. Lakini mkopaji anajua tangu siku ya kwanza atalipa shilingi ngapi, na anazilipa kwa mauzo ya maji. Kwa hiyo bomba likipasuka mtaani kwenu likamwaga maji wiki nzima, jueni linalomwagika ni rejesho.

Nina ugomvi mmoja, na huu nitausema polepole. Mtambo unaleta bili, kwa hiyo mtambo unakopesheka. Mlima hauleti bili. Wapo wakulima wa Zigi walioungana katika UWAMAKIZI kulinda chanzo. Ukimwambia mkulima aache mahindi ya ukingoni apande karafuu, mkarafuu utakaa miaka kabla ya kuzaa. Kipindi hicho chote watoto wale nini? Hapo riba haina pa kushika. Hapo ndipo panapotaka ruzuku, na ndipo zile ahadi za Baku zilipaswa kufika kwanza. Badala yake tunapewa mkopo kwa kitu kisichozaa fedha, kisha tunashangaa miche imekauka.

Kijana anauliza, na mimi naweza kununua? Unaweza, kupitia dalali wa soko la hisa, ukimpata anayeuza. Ila ada ya shule ya mtoto usiitie humo. Ukiihitaji kabla ya 2034, itabidi na wewe umtafute mnunuzi, na bei atakayotaja huenda isiwe uliyonunulia.