Zile Tarakimu Sita: Jinsi Tapeli Anavyoingia Benki kwa Mkono Wako

ZUHURA: Habari zenu wasikilizaji. Leo tunazungumzia taarifa za kuingilia akaunti ya benki mtandaoni. Baraka, tuanze na nywila?

BARAKA: Nywila tutaifikia, dada. Naomba tuanze na zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji. Watu wanaziamini mno. Utamsikia mtu: "Hata wakiijua nywila yangu hawaingii, namba inakuja kwenye simu yangu."

ZUHURA: Si ndiyo kazi yake?

BARAKA: Ndiyo, na inasaidia. Sasa sikia tapeli anavyoizunguka. Anakutumia linki ya ukurasa unaofanana na wa benki yako, nembo, rangi, kila kitu. Unaandika jina na nywila. Ukurasa ule unazipeleka papo hapo kwenye tovuti ya kweli. Benki inadhani ni wewe, inakutumia namba. Wewe unaiandika palepale, na tapeli anaitumia kabla haijaisha muda.

ZUHURA: Kwa hiyo meseji imetoka benki kweli!

BARAKA: Imetoka benki kabisa, na ndiyo inayomtoa mtu wasiwasi. Wa kupiga simu ni walewale: "Mteja wetu, kuna mtu anatoa pesa kwenye akaunti yako, nisomee namba uliyotumiwa nimzuie." Anayetoa pesa ni yeye. Na mara nyingi meseji yenyewe imeandikwa usimpe mtu yeyote namba hii. Ila mtu aliyeshikwa na hofu hasomi maneno, macho yanakimbilia tarakimu.

ZUHURA: Tena anakutaja kwa jina kamili, na namba inayoonekana kwenye simu ni ya benki.

BARAKA: Namba ya mpigaji inaghushiwa, isikushawishi. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Akikuambia usikate, ndiyo ukate haraka.

ZUHURA: Mimi nilikuwa nategemea ile alama ya kufuli kwenye kivinjari.

BARAKA: Kufuli inamaanisha tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, haisemi kitu. Tangu 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti vya usalama vinavyoipa tovuti kufuli hiyo, jambo zuri sana kwa intaneti, lakini tapeli naye anajichukulia chake. Google waliiondoa kufuli hiyo kwenye upau wa anwani wa Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu waliielewa vibaya.

ZUHURA: Basi nimtambueje?

BARAKA: Tazama anwani. Baada ya ile https ya mwanzoni na mikwaju yake miwili, yaani alama hizi //, tafuta mkwaju unaofuata, kisha soma jina lililo kabla yake tu, upande wa kushoto. Huyo ndiye mwenye nyumba. Jina la benki likiwa mwanzoni, halafu nukta, halafu jina jingine, tovuti ni ya yule wa mwisho. Lakini kwenye simu anwani inakatwa, na jicho linachoka, kwa hiyo silitegemei sana. Naingia kwa programu ya benki au kwa alamisho, ile anwani niliyoihifadhi mwenyewe kwenye kivinjari. Linki ya kwenye meseji siigusi, hata ikiwa ya kweli.

ZUHURA: Na hizi programu za kutunza nywila?

BARAKA: Nazipenda kwa sababu moja kubwa: zinajaza nywila pale tu anwani inapolingana na uliyohifadhi. Ikigoma kujaza, simama. Wengi wanadhani imeharibika, wanainakili nywila kwa mkono, wanaibandika. Hapo wameliwa.

ZUHURA: Wapo wanaosema kuweka nywila zote mahali pamoja ni kujitafutia balaa.

BARAKA: Hofu yao ina msingi, ndiyo maana nywila kuu iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, na isitumike pengine popote. Ila hatari ya nywila moja kila mahali ni kubwa zaidi. LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, waliibiwa nywila za watumiaji 2012. Nywila zile zikasambaa 2016, na mwaka huohuo akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg zikavamiwa. Wavamizi walidai waliitoa nywila humo.

ZUHURA: Bosi wa Facebook! Na kuibadilisha kila baada ya miezi mitatu?

BARAKA: NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kuibadilisha bila dalili kwamba imevuja. Ukimlazimisha mtu, anaongeza namba moja mwishoni, basi. Afadhali nguvu hiyo aipeleke kwenye barua pepe yake. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingi. Na simu ikipoteza mtandao ghafla wakati wenzako wanao, usisubiri kesho. Huenda laini yako imehamishiwa kwa mtu mwingine, na meseji za benki zinakwenda kwake.

ZUHURA: Na aliyekwisha kuisoma namba kwa tapeli, afanyeje?

BARAKA: Apige benki kwanza, wafunge akaunti. Kisha abadilishe nywila ya benki na ya barua pepe, kwa kifaa kingine kama alishawishiwa kusakinisha programu yoyote kwenye simu ile. Na asifute meseji kwa aibu, benki na polisi watazihitaji.